Konekta Inavuja? Weka Spana Chini, Tazama Ncha ya Bomba

Msomaji ameandika kuhusu bomba la shaba la mm 15 alilolifunga kwenye vali mpya kwa konekta ya kubana, ile yenye nati na ringi. Alikaza, likadondosha. Akakaza tena, likazidi. Akazungushia tepu nyeupe kwenye uzi wa nati, akatafuta spana ndefu zaidi, na sasa anauliza ni tepu ya aina gani iliyo bora. Hakuna tepu itakayomsaidia, na hiyo spana ndefu huenda ndiyo iliyomharibia bomba. Kwa kuwa swali hili halimhusu yeye peke yake, nalijibu kwa urefu.

Konekta yoyote ya maji ina kazi mbili. Ya kwanza ni kulishika bomba lisichomoke presha ikija. Ya pili ni kuziba maji yasipenye. Katika konekta nyingine kazi hizo zimegawiwa vitu viwili, katika nyingine zimebebwa na kimoja, na asiyejua kipi kinafanya nini atabaki kukaza tu. Ukiona tone, jiulize kwanza: hapa kinachoshika ni kipi, na kinachoziba ni kipi?

Tuanze na ya kubana, maana ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Mwili wa konekta una mdomo wenye mteremko kwa ndani. Nati ikikazwa inaisukuma ringi ya brasi au ya shaba kuingia kwenye mteremko huo. Ringi inabanwa mbele na nyuma, inanywea, inaung'ata ukuta wa nje wa bomba. Ringi hiyo hiyo inashika, na hiyo hiyo inaziba: kwa nje inagusa mdomo wa konekta, kwa ndani inagusa bomba. Uzi wa nati hauzibi kitu, kazi yake ni kusukuma. Maji yakionekana kwenye uzi, jua yameshaipita ringi, na tepu utakayoweka pale itaifanya nati iwe nzito mkononi tu, hata usijue umekaza kiasi gani.

Ndiyo maana uso wa bomba una uzito kuliko nguvu ya mkono wako. Kata kwa kikata bomba cha gurudumu, ukikizungusha na kukikaza kidogo kidogo. Ukikikaza kwa pupa, ncha inanywea na kupoteza uduara. Msumeno wa chuma unafaa pia, ila baada yake tupa ni lazima. Ncha ikatwe wima, bila mshazari. Toa ukingo mkali wa nje kwa tupa laini, na wa ndani kwa ule ulimi mdogo ulio kwenye vikata bomba vingi. Ukingo wa nje ukibaki utaikwaruza ringi inapopita. Wa ndani unayafanya maji yapite kwa vurugu, na mbele ya safari ukuta wa bomba unaliwa.

Kisha safisha sentimita 5 za mwisho kwa msasa laini, ukizungusha kulizunguka bomba. Usisugue kwa urefu. Mkwaruzo wa urefu ni mfereji unaopita chini ya ringi, ilhali wa kuzunguka hauna pa kuyapeleka maji. Rangi, chokaa ya maji na lehemu ya zamani vyote vitoke. Kama hapo mahali pameshaumwa na meno ya spana ya paipu, usihangaike kupasafisha. Kata, songa mbele kwenye bomba zima.

Vua nati na ringi kwenye konekta. Ingiza nati kwanza, upande wenye uzi ukitazama ncha ya bomba, halafu ringi. (Nati ndiyo husahaulika, na hukumbukwa upande wa pili ukishafungwa.) Sukuma bomba mpaka ligonge ukomo ndani, lishikilie hapo hapo, kisha kaza nati kwa vidole mpaka igome. Piga mstari wa kalamu kutoka kwenye nati hadi kwenye mwili. Sasa shika spana mbili, moja inashikilia mwili na nyingine inazungusha nati. Kwa bomba la mm 15, robo tatu ya mzunguko hadi mzunguko mmoja kutoka pale vidole vilipogoma inatosha. Vipimo vingine vina hesabu yake kwenye karatasi ya mtengenezaji, na hesabu hiyo ifuatwe. Konekta za chuma cha pua zenye ringi mbili, za maabara na viwandani, hupewa mzunguko mmoja na robo kwa mabomba mengi ya kuanzia robo inchi hadi inchi 1, na vipande vyake havichanganywi na vya kampuni nyingine hata vikifanana.

Spana mbili si anasa. Ukikaza kwa moja, mwili wote unazunguka, bomba linajipinda na kiungo cha upande wa pili kinalegea. Spana malaya inakubalika ikiwa taya zake zimebana nati sawasawa, zisiache nafasi ya kumung'unya pembe.

Ukifungua maji ukaona unyevu, ongeza moja ya nane ya mzunguko, subiri, tazama. Ukihitaji, rudia mara moja. Bado? Funga maji, fungua nati, vuta bomba, soma ringi. Hapa ndipo msomaji wetu alipotakiwa kufika kabla ya kwenda kutafuta spana ndefu.

Ringi inayocheza au inayoteleza kwa kidole haikukazwa vya kutosha, au ni ya kipimo kingine. Ringi iliyong'ata upande mmoja kuliko mwingine inaonyesha bomba liliingia kwa mshazari, mara nyingi kwa sababu bomba lilikuwa linavutwa na ukuta au na kona iliyo karibu mno. Kukaza hakuwezi kunyoosha bomba. Ringi iliyokaa karibu kabisa na ncha inasema bomba halikufika ukomo. Na kama bomba limebonyea kiuno mbele au nyuma ya ringi, limekazwa kupita kiasi: ukuta umekimbia kwa ndani, na kila unapoongeza nguvu unazidi kukimbia. Hivyo ndivyo tone linavyozidi kadiri mtu anavyokaza. Nati nayo ya brasi, ikikazwa hivyo, inaweza kupasuka baadaye sana, siku ambayo hakuna aliyeigusa.

Bomba lililobonyea likatwe nyuma ya ringi, lianze upya na ringi mpya. Kama nafasi hairuhusu kukata na bomba bado duara, ringi inaweza kuondolewa kwa kifaa chake cha kuivuta, au kwa msumeno mdogo: ikate kwa mshazari, simama kabla ya kugusa bomba, ingiza bisibisi bapa kwenye mkato na uizungushe, ringi itapasuka yenyewe. Ringi iliyokwisha kung'ata inaweza kurudi kwenye mwili ule ule iliotoka. Kuihamishia kwenye konekta nyingine ni kubahatisha, kwa sababu umbo lake limeshafuata mdomo wa kwanza. Unapoirudisha kwenye mwili wake, ukitaka bima, paka pasta ya kuungia kidogo juu ya ringi, au izungushie tepu raundi mbili. Ni juu ya ringi yenyewe, narudia; uzi wa nati uache.

Kabla ya kulaumu mkono wako, hakiki kipimo. Bomba la shaba la mm 15 lina mm 15 kwa nje. Bomba la shaba la Marekani linaloitwa nusu inchi lina karibu mm 15.9 kwa nje. Uzi wa nusu inchi wa Kiingereza una karibu mm 21 kwa nje, yaani hakuna nusu inchi popote utakapopima. Tumia kaliba, kile kipimio chenye taya mbili. Balaa zaidi ni uzi wa BSP, ule wa Kiingereza, na wa NPT, ule wa Kimarekani: kwa nusu inchi na robo tatu, zote mbili zina meno 14 kwa inchi, hivyo zinaanza kuingiana vizuri kabisa. Lakini pembe ya meno ni nyuzi 55 kwa BSP na 60 kwa NPT, na NPT imechongoka, yaani inapungua upana kuelekea ncha. Zitakaza baada ya mizunguko michache, zitajifanya zimeshika, kisha zitavuja. Tafuta adapta sahihi.

Kwenye mabomba ya plastiki hesabu inabadilika. PEX, bomba la plastiki linalopindika linalotumika kwa maji baridi na moto, ni laini. Ringi ikilibana, ukuta unakimbia taratibu mpaka mbano unapotea, hata kama siku ya kwanza palikuwa pakavu. Kwa hiyo lazima kuwe na kiingizo, kile kibomba kifupi cha chuma au plastiki ngumu kinachokaa ndani ya ncha na kuupa ukuta kitu cha kuegemea. Bila kiingizo usifunge. Bomba laini la shaba la koili nalo linakihitaji. Tena plastiki hurefuka mno kwa joto: mita moja ya PEX ikipanda nyuzi joto 40 huongezeka mm 6 hadi 8, wakati shaba haifiki hata mm 1. Ukiibana PEX ya maji moto kati ya kuta mbili bila pa kujikunja, itasukuma na kuvuta konekta kila siku. Weka kona au mkunjo, na vishikizo viache bomba liteleze.

Konekta ya kuchomeka, inayoingia kwa mkono bila spana, imegawa kazi. Meno ya chuma cha pua yanashika, oringi, yaani pete ya mpira, inaziba. Ikichomoka, shutumu meno. Ikidondosha bila kuchomoka, shutumu oringi au uso wa bomba. Kosa kubwa hapa ni kina. Bomba linagota kwenye oringi, mtu anadhani limefika mwisho, na maji yanazibwa kwa muda na mpira peke yake huku meno hayajashika. Pima kina kwenye konekta yenyewe au kwenye karatasi yake, weka alama kwenye bomba, sukuma mpaka alama ifike kwenye mdomo, kisha livute kwa nguvu kuhakiki. Ncha yenye ukingo mkali itaichana oringi, na hutaiona imechanika mpaka maji yaje. Kama bomba linagoma, tumia maji au grisi ya silikoni. Oringi nyingi za maji ya kunywa ni za EPDM, aina ya mpira, na EPDM huvimba na kuoza kwa mafuta ya petroli, kwa hiyo vaselini na grisi ya gari vikae mbali. Bomba lililopakwa kromu halifai hivi hivi: meno yanateleza juu yake. Na konekta za kuchomeka za maji hazifungwi kwenye gesi, hata kama kipimo kinalingana.

Mabomba meusi ya polyethilini ya kuzika ardhini yana konekta zao za kubana za plastiki, nazo hufuata mgawanyo huo huo: ringi nyeupe iliyopasuliwa inashika, oringi inaziba. Chonga ncha kidogo pembeni kama penseli butu, legeza nati bila kuivua yote, loweka kwa maji, sukuma. Utahisi ukinzani mara moja, hiyo ni oringi. Pita hapo mpaka ukomo, halafu kaza. Udongo ndio adui mkuu, maana chembe moja ya mchanga chini ya oringi inatosha. Funga juu ya turubai au gunia, si kwenye tope la mtaro.

Mipira ya kusokotwa ya sinki na choo haina mjadala: kinachoziba ni washa ya mpira ndani ya nati. Vidole, kisha robo mzunguko kwa spana. Tepu haihitajiki kabisa. Tepu ina mahali pake kwenye uzi uliochongoka unaoziba kwa uzi wenyewe, na huko izungushwe kufuata njia ya kukaza, ukianzia jino la pili ili vipande visiingie kwenye maji.

Kupima nako kuna utaratibu. Fungua maji pole pole, toa hewa kwenye koki ya mwisho. Pitisha karatasi kavu ya tishu kwenye kila kiungo, kwa sababu kidole huwa tayari kina unyevu. Kumbuka kwamba mita 10 za kimo cha maji ni karibu bar 1 ya presha, kwa hiyo kiungo kilichopimwa kwa tangi lililo mita 3 juu kimeona bar 0.3 tu. Kama pampu itafungwa baadaye, kipime kwa presha ya pampu. Kwa mfumo mzima, kanuni nyingi za kupima hutaka mara 1.5 ya presha ya kazi, kwa maji, si kwa hewa ya kompresa, ambayo ikiachia inarusha vipande. Kwenye plastiki geji itashuka kidogo mwanzoni kwa sababu bomba linatanuka. Ongeza maji, subiri itulie, ndipo uanze kuhesabu muda. Maji moto yapimwe mara mbili, yakiwa moto na baada ya kupoa, kwa kuwa kiungo kinaweza kushika kwenye joto kikaachia kikipoa.

Tone moja kwa sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku, ndani ya ukuta au chini ya kabati. Kwa hiyo konekta ya kubana isifunikwe kwa plasta. Iachie mlango mdogo, upana wa spana mbili zikifanya kazi pamoja.