Unakimbilia Salalah kwa Ajili ya Joto? Beba Nguo za Kubadilisha

Dada mmoja ameniandikia wiki hii. Kahamia Maskati, Oman, mwaka huu kumfuata mumewe, mtoto wake kajaa vipele vya joto shingo nzima, na kila anayemlalamikia anamjibu, "Nendeni Salalah, huko baridi." Anauliza kama ni kweli hiyo Salalah, mji wa pwani ya kusini mwa Oman, ina baridi, au ni maneno ya watu tu, na wakienda wabebe nini.

Ni kweli, mdogo wangu. Na umemuuliza mwenyewe, maana mwaka huu nimepeleka ukoo mzima, kuanzia mama mkwe hadi kitoto cha kunyonya, na hakuna aliyerudi na kinyongo. Kwa wanaoijua familia yetu, hiyo si habari ndogo. Niacheni nijisifu kidogo.

Maskati mwezi wa saba hakuna wa kuusimulia. Joto linapita 40 mchana, na usiku halina nia ya kushuka. Pale Qurayyat, jirani tu hapa, mwezi wa Juni 2018 kuna siku joto halikuteremka chini ya 42, usiku ukiwemo. Sasa ukiwa nchi hiyohiyo, mwezi huohuo wa saba, Salalah inacheza kwenye 25 hivi, na ukipanda mlimani unatafuta sweta. Watu wanadhani ni hadithi.

Anayefanya kazi hiyo ni kusi. Ndiyo, kusi hii hii inayotuletea kipupwe Unguja na Tanga. Ikivuka ikweta inapinda, inaambaa na pwani ya Somalia, halafu inaipiga Arabuni ikitokea kusini-magharibi. Huko inayasukuma maji ya juu ya bahari yaende mbali na pwani, na maji ya baridi yanapanda kutoka chini. Upepo wenye unyevu ukipita juu ya maji hayo unapoa, unaigonga milima ya Dhofar, mkoa wa Salalah, basi ni ukungu na manyunyu kutwa kucha. Msimu huo, khareef, Waomani wanauhesabu kuanzia 21 Juni hadi 21 Septemba. Na ni kipande chembamba tu cha nchi: upande wa mlima unaotazama bahari. Ukivuka mlima kuelekea mji wa Thumrait, kilomita chache tu, jangwa linakusubiri na jua lake lote.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanasikia "baridi", wanabeba makoti mazito kama wanakwenda Ulaya. Baridi ya Salalah ni ya maji. Haikutetemeshi, inakulowesha. Mwaka wetu wa kwanza nilianika taulo asubuhi. Jioni nikalikuta zito kuliko nilivyolianika. Chumvi ilishikana kichupani ikawa donge, nikawa naichokoa kwa ncha ya uma huku watu wanasubiri mayai. Buibui langu pindo lote tope jekundu, na mashungi yakaanza kunuka uvundo. Kwa hiyo: nguo nyepesi, nyingi, za kubadilisha. Pasi, ya kukaushia. Viatu vinavyooshika. Na nguo za kubadilisha, narudia.

Mwaka huohuo wa kwanza dalali alitupangisha nyumba kwa picha za simu. Tumefika usiku, tumechoka, tunagonga, anafungua baba wa watu na watoto wake wameshalala. Nyumba moja, wapangaji wawili, pesa zote kwa dalali. Simu yake haikupokelewa usiku ule, na haijapokelewa mpaka leo. Tulilala garini, mama mkwe kiti cha mbele, anavuta tasbihi bila kusema neno. Afadhali angesema. Msimu ule nyumba zinagombaniwa na watu kutoka Ghuba yote, kwa hiyo mwenye njaa ya pesa atakuuzia hata kibaraza cha mwenzie. Tafuta mtu unayemjua akaione nyumba kwa macho, ndipo ulipe.

Wifi yangu naye hakuniacha. Mbele ya wageni, kwenye shughuli, akasema: "Mtu kakimbia masika kwao, leo analipia masika ya wenzie." Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini niliingia jikoni nikasimama muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji. Aliyezoea mvua hawezi kumwelewa aliyekaa miaka chini ya kiyoyozi, anayesahau hata upepo wa dirishani ulivyo. Mimi kule Ittin, mlimani juu ya Salalah, nilitandika mkeka kwenye majani mabichi, manyunyu yananidondokea kwenye mishkaki, na sikutaka mwavuli.

Njia kutoka Maskati ni ndefu, kama kilomita elfu moja, na kuanzia mji wa Adam ni jangwa tupu. Haima ndiyo katikati, jazeni mafuta na mle. Msiende usiku; ngamia hana taa. Hatari yenyewe hasa ni mwisho, mnapoteremka mlima kutoka Thumrait: ukungu unafunga ghafla, na kuna watu wanasimamisha gari katikati ya barabara wapige picha. Jamani! Tumekuwa watu wa ajabu. Mungu kakupa mvua katikati ya Arabuni, unamwonyesha simu badala ya kushukuru, na nyuma unaacha sahani za plastiki na mifuko ya mkaa. Ng'ombe wa wale watu wa mlimani wanakula hapo hapo. Ukienda kwa watu, kaa kama mgeni.

Baharini msiguse maji. Kule ufukwe wa Mughsail wimbi linavyopanda kwenye matundu ya mwamba ni burudani kuliangalia, lakini kusi ikikaza bahari ile haina mzaha, hata kwa mtoto wa Kizimkazi. Kaeni kwenye mabanda ya barabarani mnywe madafu. Mtaona minazi na migomba, mtadhani mmekosea njia mkatokea Bububu.

Mwanao vipele vitatulia, wa kwangu vilitulia. Mwisho wa Juni milima inaweza kuwa bado kahawia. Nendeni mwisho wa Julai au Agosti, bonde la Wadi Darbat mtaliona lina maji. Asiyependa kulowa aende baada ya 21 Septemba, ukungu unaondoka na majani yanabaki kwa muda. Na nguo za kubadilisha.

Wifi kaniuliza juzi mwakani tunaondoka tarehe ngapi. Nimemwambia nafasi ipo, alete mchango wa nyumba mapema, na taslimu.