Nimeswali istikhara tangu Ramadhani, na sijaota chochote

Shangazi, assalaam alaykum. Mimi ni mjane mwenye watoto wawili, naishi Tanga. Kwa miaka mingi nimekuwa msaidizi wa mpishi wa shughuli, bibi anayeheshimika sana mtaani kwetu. Sasa magoti yamemchosha, na anataka kuniachia masufuria yake na wateja wake, nimlipe kidogo kidogo. Ninaogopa. Niliwahi kufungua genge la chakula nikaishia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na ninaogopa pia husuda za watu. Nimeswali istikhara, sala ya kumwomba Mungu anichagulie lililo la kheri, tangu Ramadhani lakini sijaota chochote. Nilishawishiwa kwenda kwa mtabiri kupigiwa bao, nikapewa majibu mawili yanayopingana. Bibi anataka jibu kabla harusi hazijaanza kuongozana. Na je, nikikubali, ni lazima nifanye kisomo kwanza? Mwenye Hofu, Tanga.

Waalaykum salaam, mwanangu.

Nianze na istikhara, kwa sababu ndipo ulipokwama. Katika hadithi ya Jabir bin Abdillah iliyomo kwa Bukhari, Mtume (S.A.W.) aliwafundisha masahaba zake kuswali rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha kuomba dua ambayo bila shaka umekwisha kuihifadhi: kama jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, nikadirie na unifanyie jepesi; na kama ni shari, liepushe nami na uniepushe nalo, na unikadirie kheri popote ilipo. Ndoto haikutajwa humo hata kidogo. Mja anaomba jambo lifanywe jepesi au liepushwe, na yote mawili humtokea mtu ambaye amekwisha kuanza kulishughulikia. Aliyebaki kitandani akisubiri kuoteshwa hana kitu cha kurahisishiwa. Uniwie radhi kwa ukali, lakini barua yako ni ya mtu anayejua vizuri analolitaka, ambaye sala imekuwa maficho yake ili asiulizwe jibu.

Sisi watu wa pwani tuna tabia ya kuihesabu hofu yenyewe kuwa ndiyo majibu: kifua kikibana tu, tunasema moyo umekataa, na jambo linaachwa. Hebu mtazame Nabii Musa (A.S.). Alipoamrishwa kwenda kwa Firauni alisema waziwazi kwamba amewahi kuua mtu katika watu wale na anaogopa wasije wakamuua. Hakukemewa kwa kusema hivyo. Aliomba akunjuliwe kifua, arahisishiwe kazi yake, lifunguliwe fundo la ulimi wake, na apewe ndugu yake Harun awe msaidizi, akapewa. Hata hivyo, katika Surat Taha, baada ya hayo yote, wawili hao wanasema tena kwamba wanaogopa, na jibu walilopewa ni kwamba wasiogope, kwa kuwa Yeye yu pamoja nao, anasikia na anaona. Kisha papo hapo wanaambiwa waende. Hawakuambiwa wangoje hadi mioyo itulie. Nami ninaamini, kwa muda niliojaliwa kuishi, kwamba utulivu unaoutafuta mara nyingi huja mtu akiwa amekwisha kushika kazi, na kwa wengine huja baadaye sana.

Hofu zako ni mbili, na hazistahili jibu moja. Ile ya madeni ina akili ndani yake, kwa hiyo usiifukuze, itumie. Aya ya 159 ya Surat Al Imran ina mpangilio ambao tunaupindua kila siku: inataja kwanza kushauriana, halafu kukata shauri, na ndipo inataja kumtegemea Mwenyezi Mungu. Kaa na bibi, awepo na mzee mmoja mnayemwamini nyote wawili, mkubaliane bei ya vyombo, kiasi cha kulipa kila baada ya shughuli, na itakuwaje mwezi usio na kazi. Yaandikwe na yatiwe saini. Usinunue mchele wala nyama kwa fedha yako kabla mwenye shughuli hajatoa malipo ya awali. Ukihitaji mtaji, jiunge na kikundi cha akina mama, kisha mkaulizie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo wanawake wametengewa asilimia 4 na haina riba. Kausha damu usiikaribie tena hata ukialikwa kwa maneno matamu.

Ile ya husuda sitaipa nafasi kubwa. Jicho la hasidi lipo, na Qur'ani imetufundisha kujikinga nalo kwa Surat Al-Falaq. Isome asubuhi na jioni pamoja na An-Nas, kisha uende sokoni. Habari ya bao tubia kwa Mola wako na uifunge. Mtume ametuonya kwamba anayemwendea mtabiri kumuuliza jambo, sala zake hazikubaliwi siku 40, na wewe mwenyewe umeshaona kwamba umelipia wasiwasi ulioongezeka.

Mwambie bibi wiki hii kwamba umekubali, na umwombe asimame nawe katika shughuli mbili tatu za mwanzo, akikaa kwenye kiti chake na kutoa maelekezo. Huyo ndiye Harun wako, na sidhani kama atakataa, kwa kuwa angetaka kukuona ukianguka asingekuchagua wewe miongoni mwa wote waliopita jikoni kwake.

Kuhusu kisomo, si lazima. Ukipenda, waite watoto wako na bibi, msome dua ya kuomba baraka, na chai ya tangawizi na maandazi vinatosha. Usikope kwa ajili hiyo.