Kaolini ni neno la Kichina

Kuna anayesema kwamba kaolini, yaani udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kaure, ni neno la Kifaransa. Hapana, Wafaransa walilichukua tu. Limetoka Gaoling, kijiji karibu na Jingdezhen, mkoani Jiangxi, kulikochimbwa udongo huo mweupe. Jingdezhen ndio mji wa kaure wenyewe, uko kando ya mto Chang, na jina lake ni la mwaka 1004, enzi ya Jingde ya mfalme Zhenzong. Mto ulibeba kila kitu: udongo, kuni za tanuri, vyombo vilivyokwisha kuchomwa hadi ziwa Poyang.

Ila anayesema kwamba vigae vyote (vipande vya vyombo) vya Kichina vya magofu ya Gedi na Kilwa vimetoka Jingdezhen amezidisha. Vya buluu na nyeupe, vingi ndiyo. Vya kijani tafuta Longquan, mkoani Zhejiang.