Mnaoniuliza kama kazi ya kutafsiri makaratasi huku Sarajevo, Bosnia, inalipa

Wadogo zangu mnauliza kama mtu anajua Kibosnia na Kiingereza anaweza kuja akatafsiri vyeti kama mimi na akaishi vizuri. Nawajibu bila kuficha.

Lugha ndo sehemu rahisi, kazi iko kwenye mihuri. Bongo ukitaka nakala ya cheti ithibitishwe unaenda kwa wakili anagonga mhuri mnamalizana, huku watu wanaenda dirishani manispaa au kwa notari, yaani mwanasheria wa kuthibitisha hati, na kila kitu wanakiita ovjera, yaani uthibitisho, sasa wewe geuza karatasi usome nyuma wamethibitisha nini hasa, nakala inafanana na halisi au fulani kasaini mbele ya ofisa. Kama ni saini tu basi yaliyomo ndani hakuna aliyeyathibitisha, na ukiandika Kiingereza kana kwamba hati nzima imethibitishwa umempa mtu haki ambayo hana. Mi hapo sikubali hata mteja anune.

Talaka ndo balaa zaidi. Mtu analeta hukumu, ana haraka anataka kuoa Marekani, ukiangalia haina klauzula pravosnažnosti, yaani ule mhuri wa mahakama unaosema hukumu imeshakuwa ya mwisho. Bila huo, huko aendako watamwona bado ana mke, kwa hiyo namrudisha mahakamani kwanza, hela siku hiyo naikosa ila usiku nalala. Na tarehe jamani, 03.05.2019 huku ni Mei 3, Mmarekani anasoma Machi 5, ndo maana mwezi nauandika kwa maneno.

Hela sasa. Tunalipwa kwa ukurasa, kwa marka, ndo pesa ya huku, yuro 1 ni kama marka 1.96, kodi ya nyumba inalipika ila akiba ndogo na kuna wiki simu haiiti kabisa. Mhuri wa duara unaogongwa kwenye tafsiri sio wangu, anao mkalimani wa mahakama aliyeteuliwa na wizara ya sheria, mi naandaa yeye anapitia mstari kwa mstari anasaini. Na mwenye shida ya cheti cha kuzaliwa tu namwambia aombe manispaa ile fomu ya kimataifa yenye lugha nyingi, Kiingereza kimo, asinilipe bure.

Anayetaka kuja aje na Kibosnia cha kusomea hukumu, sio cha sokoni, na ajifunze herufi za Kisirili kabisa, zile kama za Kirusi, maana makaratasi ya mji wa Banja Luka mengi yanakuja hivyo.