Jibu: Vasilefs Georgios ilikuwa ya nani?

Mkuu, umeuliza iweje Vasilefs Georgios itajwe kuwa destroya (manowari ndogo yenye kasi) ya Ugiriki na ya Ujerumani pia. Ni ileile moja. Iliundwa na kampuni ya meli ya Yarrow kule Scotland kwa ramani ya Kiingereza, ila mizinga yake minne ya milimita 127 ilitoka Ujerumani. Aprili 1941 ndege za Wajerumani ziliijeruhi, ikaingizwa gudini (mahali pa kutengenezea meli) kisiwani Salamis, Ugiriki. Ugiriki ilipoanguka Wajerumani wakaichukua. Yaani kama kuokota bunduki ambayo risasi zake tayari unazo! Wakaikarabati, wakaiita Hermes, na Aprili 1943 ikazamisha nyambizi ya Uingereza, Splendid, karibu na kisiwa cha Capri, Italia. Siku chache baadaye ikapigwa mabomu pwani ya Tunisia, na Mei wakaizamisha wenyewe katika bandari ya La Goulette, Tunisia, kuziba njia ya meli. Pacha wake, destroya Vasilissa Olga, alibaki upande wa Wagiriki hadi alipozamishwa kwenye kisiwa cha Leros, Septemba 1943.