Phantom tulizijua kwa moshi kabla ya mlio

Mkuu, umeuliza sisi tuliokulia jirani na kambi za ndege za kivita tunalilia nini hasa, ilhali ndege za sasa zina rada bora, zinabeba silaha nyingi na hazisumbui mafundi kama zile za zamani. Nijibu kwa upande wangu tu: mimi nazililia kasoro zake.

Ndege ya utoto wangu ni F-4 Phantom. Nyumba yetu ilikuwa upande zinakoshukia, na hukuwa na haja ya kusubiri mlio. Ukitupa macho mbali ukaona mstari mweusi umechorwa chini ya mawingu, ujue mbele ya huo mstari kuna Phantom, hata kama yenyewe bado ni nukta. Injini zake mbili za J79 hazikuunguza mafuta yakaisha, masizi yakabaki angani. Kwetu watoto ilikuwa burudani. Kwa marubani waliopigana Vietnam ilikuwa balaa, maana adui aliwaona wakiwa bado mbali. Dawa mojawapo ilikuwa kuwasha moto wa nyuma, ule wa kumwagia mafuta kwenye bomba la kutolea hewa ili ndege isukumwe zaidi. Ukiwaka, moshi unapotea, ila mafuta nayo yanakwenda kama maji. Baadaye zikaja J79 zilizopunguzwa moshi. Za kwetu zilikuwa bado za kizamani.

Mlio nao usiseme. Zilipopaa mbili mbili, vikombe kabatini viligongana na mtu aliyekuwa anaongea alinyamaza katikati ya neno. Si katikati ya sentensi, katikati ya neno. Tunasubiri, zinapita, anamalizia silabi zilizobaki kama vile hakuna kilichotokea. Wageni walitushangaa sana.

Halafu lile umbo. Watu wanaiita mbaya, na kweli haikuumbwa ipendeze. Ncha za mabawa zimepinda kwenda juu digrii 12, mabawa ya mkia yameinama chini digrii 23, utadhani imekaliwa na kitu kizito. Kumbe ni ujanja wa wahandisi. Majaribio yalionyesha ndege haitatulia vizuri ikilala upande, na kuinua bawa zima kungelazimu kusanifu upya sehemu nzito ya katikati. Wakaona bora wapinde vipande vya nje tu, ambavyo tayari vilikuwa na bawaba, kwa kuwa ndege yenyewe ilibuniwa kwa ajili ya manowari za kubebea ndege, ambako nafasi ni finyu, na ilibidi ikunje mabawa. Kiraka hicho ndicho kilichotufanya tuitambue hata kwa kivuli.

Lakini ukiniuliza nimekosa nini zaidi, nitakwambia parachuti. Phantom ikigusa ardhi, mkiani panafunguka na parachuti inachomoka kuivuta nyuma ipunguze mwendo. Ikifika mwisho wa njia, rubani anaiachia, inaanguka kama shuka lililochoka. Hapo ndipo gari dogo linakuja, anashuka mtu mmoja, anaikusanya kifuani kwa mikono yote miwili huku upepo unamgombania. Siku moja upepo ulimshinda, ikamfunika mzima, akawa anazunguka humo ndani kama mzimu. Tulicheka nyuma ya uzio mpaka askari akaja kutufukuza. Rubani siwezi kumkumbuka hata mmoja, walikuwa kofia tu ndani ya kioo, mmoja mbele na mwenzake wa rada nyuma. Yule wa parachuti namkumbuka hadi mwendo.

Zilipoondolewa, zikaja ndege zenye injini moja, safi, hazina moshi. Ukisikia mlio na kuinua kichwa, imeshapita. Nazikubali kwa kazi, sina ugomvi nazo. Ila huwezi kuingoja ndege ambayo haikupi taarifa.

Kuhusu swali lako la pili, kama bado zipo: zilitengenezwa zaidi ya 5,000, ya kwanza ikaruka mwaka 1958, na ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani Japani mwaka 1981. Uingereza waliachana nazo 1992, Ujerumani 2013, Japani 2021, Korea Kusini Juni 2024. Marekani ndio walionichoma moyo. Nyingine walizitoa kwenye maegesho ya jangwani Arizona, wakazifunga mitambo ya kuziongoza bila rubani, kisha wakazitungua kwa makombora kama shabaha za mazoezi, mpaka mwaka 2016. Najua ilikuwa na faida, kombora lazima lijaribiwe kwa kitu. Bado sipendi.

Ya kwetu moja imewekwa langoni mwa kambi. Nilipita mwaka jana. Matundu ya kuvutia hewa yamezibwa kwa vibati, rangi ni mpya kuliko ilivyowahi kuwa ikiwa kazini. Zamani fundi mmoja wa pale alitutania kwamba Phantom isiyovuja ujue haina mafuta, na kweli kila moja ilikuwa na karai lake chini ya tumbo. Nikainama kutazama chini ya hii ya langoni. Saruji kavu, nyeupe, haina hata doa.