Maswali ya Wasomaji: Krismasi Imepita, Nyumba Imenyamaza

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi ni fundi wa cherehani, mama wa watoto watatu, ninakaa Mikindani. Desemba nzima nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa miaka mingi. Mwanangu wa kwanza alishuka kwa treni kutoka Nairobi, kwaya yetu ilishona sare ya kitenge, na usiku wa mkesha niliimba hadi sauti ikakauka. Tarehe 3 Januari mwanangu alirudi kazini, na wiki hiyohiyo mume wangu akaambiwa kwamba kibarua chake cha kupakua mizigo kimekwisha. Sasa ninashinda nikishusha mapindo ya sare za shule za mwaka jana, kwa maana wazazi hawana pesa za kununua mpya, na hata nikipiga pasi namna gani, mstari haufutiki pale pindo lilipokuwa: juu yake rangi imepauka, chini yake bado mbichi. Juzi jirani yangu Mwislamu alinirudishia sahani niliyompelekea pilau siku ya Krismasi, ameijaza kaimati, nikajikuta ninalia mlangoni mbele yake wala sikuweza kumweleza sababu. Tumewahi kuambiwa kwamba Mkristo hafai kuwa na huzuni. Je, furaha yangu ya Desemba ilikuwa ya uongo? Na nitaipata wapi tena?
Fundi wa Mikindani

JIBU: Milele na milele, amina. Mama mpendwa, nitaanza na hilo la kwamba Mkristo hafai kuwa na huzuni, kwa sababu ninahisi ndilo linalokuumiza kuliko hata habari ya kibarua. Sijui aliyekuambia alilitoa wapi. Bwana mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, na kule Gethsemane aliwaambia wanafunzi wake kwamba roho yake ilikuwa na huzuni kiasi cha kufa. Hata Paulo, ambaye katika Waraka kwa Wafilipi anatuhimiza tufurahi siku zote, aliandika maneno hayo akiwa kifungoni, na katika waraka huohuo anasema kwamba anaandika kwa machozi, tena anamshukuru Mungu kwa kumponya mwenzake Epafrodito ili yeye asipate huzuni juu ya huzuni. Mtu huyo hakuona haya kuweka furaha na machozi katika barua moja. Kwa hiyo umelia mlangoni, na hukumkosea Mungu.

Furaha yako ya Desemba haikuwa ya uongo. Mwana kurudi nyumbani, sufuria kuwa kubwa, kuimba pamoja na wenzako mkiwa mmevaa kitambaa kimoja, yote hayo ni mema, na sipendi wahubiri wanaoyabeza kana kwamba Mungu huchukizwa na harufu ya pilau. Ila sehemu kubwa ya furaha hiyo iliegemea mambo yenye tarehe ya kuondoka, na iliyoegemea tiketi ya treni lazima iondoke na treni. Unachokitafuta sasa ni kile kilichobaki baada ya treni, nacho kimo ndani ya Krismasi yenyewe, katika sehemu ambayo wengi wetu hatuifikii.

Sisi wa Mombasa humaliza Krismasi tarehe 26, pilau la jana likishapashwa moto. (Wahabeshi wa Kanisa la Orthodoksi huwa hata hawajaianza, maana wao husherehekea tarehe 7 Januari.) Kanisa halimalizi hivyo. Tarehe 26 hiyohiyo linamkumbuka Stefano aliyepigwa mawe hadi akafa, na tarehe 28 linawakumbuka watoto wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode, wakati Yusufu alipolazimika kumchukua Mtoto na mama yake usiku na kukimbilia Misri. Waliopanga kalenda hii hawakutaka tuitenge hori na damu na ukimbizi. Januari unayoiishi, ile tunayoiita kwa mzaha Njaanuari, imo ndani ya Krismasi tangu mwanzo.

Kisha inakuja siku ya arobaini, tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, ambayo katika parokia nyingi huhudhuriwa na watu wachache na mishumaa yao. Isome polepole katika Luka sura ya 2. Malaika wamekwisha kurudi mbinguni na wachungaji wako machungani, kwa maana kondoo hawana likizo. Wamebaki mume na mke waliosafiri na mtoto mchanga, mikononi wana ndege wawili. Sheria ya Walawi ilitaka mwana-kondoo, lakini mama asiyeweza kumpata mwana-kondoo aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka anapotaja ndege, basi, anatuambia bila kelele hali ya mfuko wa Yusufu ilivyokuwa. Hapo hekaluni hakuna kwaya. Yupo mzee Simeoni, aliyengoja muda mrefu, na Anna, mjane mwenye miaka 84. Simeoni anampakata Mtoto, anamshukuru Mungu, na kusema kwamba sasa anaweza kwenda zake kwa amani, na papo hapo anamwambia Maria kwamba upanga utaingia moyoni mwake. Hakumwona Yesu akihubiri, hakumwona akiponya mtu, wala hakuliona kaburi likiwa tupu. Alichokiona ni mtoto wa siku arobaini, naye akaridhika.

Hilo ndilo ninaloliita tumaini, na nadhani wewe unalijua kwa mikono kuliko ninavyolijua mimi kwa vitabu. Unapomshonea sare mtoto anayeingia gredi ya kwanza, huachi pindo refu kwa ndani? Mama yake hakuombi maelezo, nawe humwoni mtoto akirefuka, lakini unakunja kitambaa cha ziada kwa sababu una hakika atarefuka. Mstari huo unaokukera, usiofutika kwa pasi, ni alama kwamba mtu fulani mwaka jana alitazamia mtoto akue, na kweli amekua.

Ukipita Kisauni, pale Kengeleni, utaiona kengele iliyoupa mtaa huo jina lake. Ni ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, watu waliokwisha kunyang'anywa wazazi, lugha na hata majina yao. Kanisa la hapo, ambalo ni la ndugu zetu Waanglikana, linaitwa Emanueli, yaani Mungu pamoja nasi. Mimi nikiwa ndani ya matatu pale kwenye msongamano huliwaza jina hilo. Sisi tunalisoma Desemba, kisha tunalihifadhi pamoja na mapambo; kwao lilikaa mlangoni mwaka mzima, na nina hakika walilihitaji zaidi katika siku zisizo na shangwe. Mathayo, aliyelitaja jina hilo katika sura yake ya kwanza, anaifunga Injili yake kwa Bwana kuahidi kuwa pamoja nasi siku zote. Alisema siku zote, mama, hakusema sikukuu zote.

Ile sahani sasa. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu, na jirani yako aliiweka hadi alipopata cha kutia. Watu wengi hulikariri neno la Nehemia kwamba furaha ya Bwana ndiyo nguvu yetu, lakini huruka maneno yanayolitangulia: watu walikuwa wakilia, wakaambiwa waende wakale, na wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Safari hii asiyeandaliwa kitu ulikuwa wewe, na sehemu yako ikaja ikiwa ya moto. Nenda kwake ukamweleze kwa nini ulilia. Nadhani amekuwa akijiuliza.

Jioni, someni Luka 2 wewe na mumeo, kuanzia mstari wa 21 hadi wa 40, mistari miwili mitatu tu kila siku, hadi tarehe 2 Februari. Msijilazimishe kufurahi. Habari ya kibarua ipelekeni kwenye jumuiya ndogo ndogo, wala mume wako asione haya, kwa sababu huko huenda yupo anayejua nani anatafuta mtu Changamwe au Shimanzi, na jumuiya isiyojua shida yako haiwezi kukuombea sawasawa. Lakini ikiwa usingizi umekupotea, chakula hakipiti, na hali hiyo imeendelea kwa wiki mbili au zaidi, nenda zahanati ukamwone daktari. Kufanya hivyo si upungufu wa imani, maana Luka mwenyewe, Paulo anatuambia, alikuwa tabibu.

SWALI: Mwalimu, mti wetu wa Krismasi na pango viondolewe lini? Mama anasema mara tu mwaka mpya unapoingia, mimi ninataka vibaki.
Kijana wa Likoni

JIBU: Kwa kalenda ya sasa, majira ya Noeli humalizika siku ya Ubatizo wa Bwana, baada ya Epifania. Wapo wanaoliacha pango hadi tarehe 2 Februari kwa kufuata desturi ya zamani, nawe ukitaka kufanya hivyo, mwombe mama ruhusa, mwambie Simeoni na Anna bado hawajafika. Mti ni jambo jingine. Kama ni tawi la mvinje, kwa joto hili la kaskazi limekwisha kukauka na majani yake yamejaa sakafuni, na mvinje mkavu karibu na mshumaa ni hatari. Hapo mama ana haki. Utoe leo, uukate vipande, umpelekee jikoni.